Madeni ya Nahodha: Kutoka Malindi Hadi Amu

Jumamosi

Eda yangu imekwisha. Muda wote niliokaa ndani Malindi watu walikuwa wakija kunipa pole, na kila aliyekuja alikuwa na kisa chake cha mume wangu, Nahodha. Wengine walianza kwa kulia wakamaliza kwa kucheka, maana visa vyake ndivyo vilivyokuwa. Mimi jambo moja lilinikaa rohoni: deni. Maiti hulipiwa madeni yake kwanza, kabla mtu yeyote hajagusa urithi, na mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha daftari.

Ni daftari la shule la jalada la buluu, limevimba kwa maji ya chumvi hata halifungi tena. Alikuwa akilitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake. Kurasa za kushoto ameandika wanaomdai, za kulia anaowadai, wala hakuandika majina. "Mzee wa punda, Langoni, 1,200." "Bibi wa kofia, Shela, bado 3,000." "Seremala wa Mkomani, unga na mchele, 6,500." Za kushoto hazina mengi. Za kulia zimejaa mpaka pambizoni.

Tumepanda basi la alfajiri, mimi na binti yangu. Tukavuka Sabaki jua likichomoza, Mambrui ikapita, Marereni ikapita, tukafika Garsen. Njia hii siku hizi ni lami mpaka Mokowe. Niliolewa wakati ambao mvua ikinyesha, basi lilikwama kwenye tope baada ya Garsen na abiria wakashuka kusukuma. Hapo ndipo Nahodha alipokuwa akijulikana basi zima. Angeshuka wa kwanza, kikoi kimepandishwa, na kabla gurudumu halijatoka kwenye shimo alikwisha jua nani anakwenda arusini, nani anakwenda mazishini na nani ana mtoto mgonjwa mgongoni.

Vizuizi vya polisi bado vipo. Abiria wanashuka, wanapanga foleni, wanaonyesha vitambulisho. Watu hununa pale, na wana haki. Yeye alikuwa akimtazama askari usoni, akimuuliza kwao wapi, kisha akimwamkia kwa lugha ya kwao. Kiorma, Kipokomo, Kikamba, Kijaluo, salamu zote alikuwa nazo. Hakuna lugha hata moja kati ya hizo aliyoweza kuzungumza zaidi ya salamu, lakini nimewaona askari wakubwa wazima wakilainika kwa neno moja la mama zao. Leo foleni imekwenda kimyakimya.

Mokowe tukapanda boti. Kijana mwenye boti alimtazama binti yangu, akatazama mbele, akamtazama tena. "Wewe ni wa Nahodha." Binti akaitikia kwa kichwa. Tulipofika gati la Amu, yaani mji wa Lamu, akakataa nauli. Nikamwekea pesa mkononi nikamfunga vidole: "Mwanangu, mimi safari hii nimekuja kulipa, sikuja kukopa."

Jumapili

Mama mkwe amezeeka ghafla. "Ndoo, mwanangu, ndoo nikuone," yaani njoo, kwa Kiamu, akanishika uso kwa mikono miwili, macho yake hayaoni vizuri sasa.

Shemeji alitupeleka kaburini baada ya alasiri. Nahodha amelazwa karibu na babake. Alikuwa amekuja Amu kutengeneza mashua yake, akaamka usiku akishika kifua, na kulipopambazuka alikuwa ameshatuondokea. Nilipofika kutoka Malindi jioni ile walikuwa wameshamzika, kama inavyotakiwa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama hapo. Tulisoma Yasini, binti yangu akashindwa kuimaliza, nikammalizia.

Usiku mama mkwe akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza miaka yote ya ndoa yetu. "Nyumbani, mwanangu alikuwaje?" Alitaka kujua kweli. Alisema kijana huyu tangu mdogo nyumba ilijaa wenziwe, hakuwahi kumpata peke yake.

Nikamwambia kweli: nyumbani alikuwa mkimya. Angeingia, akavua makubadhi, akakaa kwenye mkeka kando ya cherehani yangu na kusema, "Haya, nambie." Basi. Mimi nikishona na kusema, yeye akisikiliza. Nilikuwa nikimweleza habari za mteja anayebishana juu ya mkono wa gauni, na baada ya wiki mbili angeniuliza, "Yule wa mkono, alirudi?" Watu wanadhani haiba yake ilikuwa mdomoni. Mimi niliyeishi naye nasema ilikuwa masikioni. Alisikiliza mpaka ukajiona una maneno ya maana, ndipo ukaenda kusema kwamba Nahodha ni msemaji hodari!

Nikamkumbusha pia alivyokuja kunichumbia. Babangu alikuwa mvuvi, mtu mgumu, masikio yake yameanza kuziba, na hakutaka kusikia habari za mtu wa Amu asiye na chombo wala nyumba. Nahodha alikuja akamkuta anashona jarife uani. Akasalimu, akaketi, akachukua upande wa pili wa wavu, akaanza kushona naye. Toka adhuhuri mpaka magharibi. Posa hakuigusa hata kidogo. Nilikuwa nikichungulia jikoni, roho inanidunda, nasema huyu leo amekuja kuoa au amekuja kuajiriwa? Alipoondoka babangu akakagua mafundo moja moja, kisha akamwambia mama, "Mwambieni arudi kesho." Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, akanituma nimrudie kile kisa tangu mwanzo.

Jumatatu

Siku ya daftari. Tumeanzia Mkunguni, mbele ya Ngome, chini ya mikungu. Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na wageni husimama hapa kupiga picha ule mlango mkubwa. Nahodha hapa palikuwa mahali pake pa kukawia. Ukitembea mwenyewe Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka kwao Langoni ni mwendo wa dakika chache. Ukiwa naye, utafika kahawa imepoa. Nilikuwa nikimuudhikia. Nikimtuma nazi, nazi ingekuja wali umeshaiva bila nazi. Mtu anayemwona kila mtu huwachosha wa kwake, nalo nataka niliandike kwa sababu ni kweli, na kwa sababu leo nimetembea njia hiyohiyo, watu kila baraza wakinisimamisha, nikafika Langoni adhuhuri.

Mzee wa punda alikataa pesa yake. Deni lilikuwa la kubebewa mchanga na saruji Nahodha alipomtengenezea mamake choo. Alisema punda wake alipoumia mguu, Nahodha ndiye aliyempeleka hospitali ya punda, na kila akipita alimuulizia yule punda kwa jina lake kabla ya kumwamkia mwenyewe. "Tulishamaliza sisi." Nikamwambia kwenye daftari hamjamaliza. Mwishowe akachukua nusu, akasamehe nusu mbele ya mashahidi wawili wa barazani. Nikapiga mstari.

Kwa seremala wa Mkomani ndiko nilikopata somo langu. Hili ni deni la upande wa kulia. Nilikuwa nimekata shauri wote wa upande huo niwasamehe kwa niaba yake, nikiona ndiyo thawabu. Bwana huyu zamani alikuwa mkata boriti. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti nchini, na mikoko ikiwemo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku Lamu, na kuna nyumba ambazo baba, babu na babu wa babu hawajui kazi nyingine. Watu walilala njaa. Nahodha wakati huo alikuwa akipakia mizigo Mokowe, akawa anashusha gunia hapa, kibaba pale. Mimi Malindi nilijua tu kwamba pesa haziji. Tuligombana kwa simu, tukagombana tena alipokuja.

Seremala alitukaribisha ndani, mkewe akatuletea kahawa na halua. Nikamwambia nimekuja kumsamehe. Akanyamaza. Akaingia chumbani akatoka na bahasha, akaiweka juu ya sinia.

"Dada yangu, usinisamehe," akasema. "Mumeo aliniletea unga usiku, mbele ya mke wangu, akatoa daftari akaandika. Akanisomea: kilo kadhaa, bei kadhaa. Akasema, 'Utanilipa kazi zikifunguliwa.' Mimi nililala nikijua nimekopa, sikuombaomba. Ukinisamehe leo utakuwa umenipa sadaka ya miaka yote hiyo."

Nikaichukua ile bahasha, nikapiga mstari mbele yake, akaomba auone mstari wenyewe. Tukashuka ngazi binti yangu akaniambia taratibu, "Mama, kwa hiyo baba alikuwa akiandika makusudi." Sikuweza kumjibu. Miaka ile yote nilidhani daftari ni ushahidi wa ubovu wake katika biashara, kwamba anaandika na hadai. Wengine wa upande wa kulia nilipowafikia niliwauliza kwanza: mnataka kulipa au mnataka niwasamehe? Waliochagua kulipa, hata kwa mafungu madogo madogo, walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia.

Jumanne

Matondoni. Tumekwenda kwa boti na maji ya kujaa. Kijiji hiki ndicho cha mafundi wa vyombo. Ukishuka tu unakanyaga vumbi la mbao, na kina mama barazani wanasuka mikeka.

Mashua ya Nahodha imepandishwa juu, imeegemezwa magogo. Nusu ni yake, nusu ya fundi wake, rafiki yake tangu chuoni, walikosoma juzuu pamoja na kupigwa pamoja. Mzee huyu ni mfupi, mikono minene, anasema kidogo. Alinipa pole kisha akanishika kiwiko akanipeleka kwenye ubavu wa chombo bila neno. Mbao zilizooza chini zimetolewa zote, mataruma mapya mawili, yaani mbavu za chombo, yametiwa, ya magogo yaliyopinda yenyewe porini, maana taruma halikunjwi kwa moto, hutafutwa mti uliokwisha kuota hivyo. Akanionyesha mahali walipofika siku ile ya mwisho. Kati ya mbao mbili nyuzi za pamba zilikuwa zimeingizwa kwa patasi ya kukalafatia, yaani kuziba nyufa maji yasiingie, zimekazwa vizuri, kisha zinafika mahali zinakoma, na ncha ya pamba inaning'inia.

"Hapa alisema mkono umechoka, tutamaliza kesho," fundi akasema. "Upande wangu nimemaliza. Wake sijaugusa."

Binti yangu akaomba aonyeshwe namna ya kukalafati. Fundi akashangaa kidogo, akampa nyundo ya mti na patasi, akamshika mkono mara mbili tatu. Akamaliza kipande cha urefu wa dhiraa, si vizuri, fundi akairudia sehemu, lakini akaimaliza.

Chini ya mkungu, baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, vijana wa chombo wakaanza visa vya mashindano. Hapa mashua hushindana siku za Maulidi na siku nyingine za sherehe, na ufundi wake si tanga peke yake. Upepo ukizidi, mtu hutoka kwenye ubao unaochomoza nje ya ubavu akaning'inia juu ya maji kuizuia mashua isilale. Mwaka mmoja mtu wao wa ubao aliugua asubuhi ya mashindano. Nahodha akatazama pwani nzima, akamwita muuza halua mmoja, mtu wa mwili mkubwa, ambaye tangu utoto hakuna aliyewahi kumwita kwenye chombo chochote. Watu wakapiga kelele. Nahodha akamwambia kwa sauti ya kusikika gati zima, "Leo mji mzima unautaka uzito wako." Yule bwana akapanda, akashika kamba, na walipopiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, kwenye mlango wa Shela, kusi limepamba moto, mashua nyingine zikipunguza tanga, yao haikupunguza kitu. Hawakushinda. Walikuwa wa tatu. Lakini muuza halua alibebwa juu juu kutoka pwani, na mpaka leo, vijana wanasema, yumo katika chombo hicho kila mwaka.

Naye alikuwepo pale, nyuma ya watu, amekaa kwenye gogo. Akainua mkono tu. Hakuweza kusema.

Jumatano

Mvua kutwa. Binti amelala. Nimejumlisha hesabu na mama mkwe amenifundisha kutengeneza mkate wa sinia kwa namna aliyoipenda mwanawe, na iliki nyingi.

Alhamisi

Shela, kwa miguu, ufukweni, maji yamekupwa. Kila nilipopita njia hii na Nahodha alisimama palepale na kusimulia vita vya Shela, kwamba Wapate na Wamazrui wa Mombasa walikuja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kuiteka Amu, wakapigwa, wakakimbilia vyombo vyao, kumbe bahari imewaacha, vyombo vimekaa mchangani. Kila mtu wa Amu anakijua kisa hiki. Yeye alikuwa akikisimulia akikimbia: anakimbia kama Mpate, anageuka anakuwa mtu wa Amu na mkuki, kisha anasimama anatazama chombo kilichokwama na uso wa mtu aliyeelewa. Watoto wa Shela walikuwa wakimfuata nyuma kukisikiliza kile wanachokijua. Baada ya vita hivyo ndipo Ngome ikamalizwa, mwaka 1821, na hapo angewaambia watoto, "Sasa nendeni nyumbani, ngome ishajengwa."

Bibi wa kofia anaishi karibu na msikiti wa Ijumaa, ule wa mwaka 1829 wenye mnara mnene mweupe. Kofia ya mkono huchukua miezi, tundu moja moja linazungushiwa uzi. Nahodha aliagiza ya mwanetu wa kiume, ya siku ya arusi yake. Bibi ameimaliza. Nikamlipa baki yake, akahesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akanishika mkono. "Kila akija kuitazama alikaa akanisikiliza habari za goti langu. Wanangu mwenyewe hawalitaki goti langu."

Kofia ni kubwa mno kwa mwanetu. Alimpimia kwa kichwa chake mwenyewe. Bibi amekubali kuipunguza, na amekataa malipo ya kuipunguza, hapo sikubishana.

Ijumaa

Baada ya sala ya Ijumaa wakasoma khitma nyumbani, watu wakajaa mpaka kwenye madaka na njiani. Wanafunzi wa chuo cha dini cha Riyadha, wavuvi, mabaharia, mzee wa punda, seremala na mkewe, muuza halua na sinia mbili za halua ambazo hakuombwa.

Walipoondoka tukabaki wa nyumbani, na fundi. Shemeji akasema tuzungumze mirathi. Fundi akaomba aseme kwanza, na akaomba vijana wawili wa chombo waitwe, wawe mashahidi.

Akasema Nahodha alimwambia, mbele ya vijana hawa, kwamba anadaiwa mahari. Ilikuwa kweli. Alilipa pesa, ukabaki mkufu wa dhahabu, na siku niliyomzaa binti yangu, nikiwa bado kitandani, nilimwambia nimekusamehe ule mkufu, usiniwazie tena. Akasema sawa. Fundi akaendelea: "Alisema, 'Mke wangu amesamehe kwa sababu sikuwa nacho. Mtu asiye na kitu husamehewa. Sasa ninayo nusu ya mashua, na nusu hiyo ni mkufu wake. Nikitangulia, wewe sema.'"

Nililia mbele ya wakwe zangu, jambo ambalo sikutaka kulifanya. Huyu ndiye mtu niliyemlaumu kwa simu mwaka 2018, nikimwambia mji mzima unakula kwako isipokuwa mimi.

Shemeji aliwauliza mashahidi mmoja mmoja. Kisha akamuuliza mama mkwe, akamuuliza binti yangu, akampigia simu mwanangu akamuuliza. Wote wakaridhia, kwa kuwa deni hutangulia urithi. Tutaandikisha kwa kadhi ili lisije likaleta maneno kwa wajukuu.

Kisha fundi akaniuliza kama nitauza. Kuna mtu wa hoteli ameshataja bei, nzuri. Nikamwambia siuzi. Chombo kifanye kazi ya mizigo kama alivyokuwa akikifanyia, usukani ashike yule kijana mkubwa, mapato tugawane nusu kwa nusu kila mwisho wa mwezi, na kila anayekopa aandikwe. Fundi akasema kinachobaki ni deheni, mafuta ya kupaka mbao, na tanga. La zamani limechanika karibu na foromali, mti unaobeba tanga, halifai kutiwa viraka. Nikampa bahasha ya seremala na zote walizolipa watu wa upande wa kulia. Hazitoshi tanga zima. Tanga nitalishona mwenyewe Malindi, cherehani yangu inaweza, anachotakiwa ni kuniletea kitambaa na vipimo kabla ya bamvua ijayo, yale maji makubwa ya mwezi. Ameahidi vipimo kesho asubuhi, kabla hatujapanda boti ya Mokowe.